Kuchagua Chuma

Kambini, Songea
2 Machi 2025

Baba, shikamoo.

Leo ni miaka sita na siku nne tangu niondoke Dirma kuja jeshini. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto. Nyumbani mnaendeleaje? Ng'ombe wamepata majani? Mgongo wa mama umepoa?

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Daktari wa kikosi amesema goti hili halitabeba tena mzigo kwa safari ndefu. Nikitaka kuongeza mkataba, lazima niache uaskari wa miguu nichague fani nyingine. Fomu ina tatu: karani wa stoo, mpishi, na mchomeleaji wa vyuma karakanani. Inarudishwa mwisho wa mwezi.

Baba, nasema ukweli, nimechoka. Nimechimba mahandaki, nimefyeka, nimebeba magunia, nimesimama lindo kwenye mvua. Lakini sitaki kurudi kama mtu aliyeshindwa. Ukarani siuwezi, mimi na makaratasi tunajuana kwa mbali. Nataka uchomeleaji. Najua ukoo wetu haushiki kazi ya chuma na moto. Hiyo ni ya wahunzi, na sisi hatuli nao wala hatuoani nao. Ndiyo maana naomba neno lako kabla sijasaini.

Mwanao,
Yonas

Dirma
15 Machi 2025

Mwanangu Yonas, marahaba.

Barua yako imekuja na basi mpaka Katesh, Judith akaichukua siku ya mnada. Sisi wazima. Majani yapo. Mama yako anainama tena bila kulalamika.

Neno langu ni hapana. Chagua ukarani. Hata upishi, ingawa sikuwahi kufikiri nitamwambia mwanamume wa nyumba hii akasonge ugali. Kwa upishi watakucheka mwaka mmoja. Uhunzi hautoki mkononi. Nani atakupa binti? Wazee watakula nini kwangu wakijua umefanya kazi hiyo? Ukisaini, likizo zako uzimalizie mjini. Usiingie kwenye boma langu.

Baba yako,
Gidabuday

Kaka, shikamoo. Ni mimi mdogo wako Judith ninayemwandikia baba barua hii. Alitaka niandike "usiingie" mara mbili. Nimeandika mara moja.

Kambini, Songea
30 Machi 2025

Baba, shikamoo. Naomba barua hii iwakute wote wazima kama nilivyo mimi.

Nimesaini jana. Uchomeleaji. Sikutaka usikie kwa mtu mwingine.

Kabla ya kunikubali, mkuu wa karakana, Sajini Sylvester, alinijaribu wiki mbili. Mwanzoni nilikuwa natoboa bati badala ya kuliunga. Akaniuliza, "Wewe Mbarbaigi, unachomelea au unachoma nyama?" Karakana nzima ikacheka. Siku ya kumi na moja likaja trela la maji, tangi limepasuka chini. Akanipa mimi. Niliunga mshono wa urefu wa mkono wangu. Tukajaza maji, tukasubiri saa nzima. Halikutoa hata tone. Sajini akapitisha kidole kwenye mshono, akaniletea kazi nyingine.

Baba, miaka yote hii nimechimba handaki asubuhi nikalifukia jioni. Huu mshono ndio kitu cha kwanza nilichofanya kikabaki.

Boma ni lako. Nikija nitasimama nje nikusalimie, na mikono sitaificha.

Mwanao,
Yonas

Kambini, Songea
8 Juni 2025

Baba, shikamoo.

Huu ni mwezi wa tatu sijaona barua. Judith ananiambia kwenye simu kwamba mko salama, na kwamba jina langu hulitaji. Nimefaulu mtihani wa kwanza wa fani. Kazi siijutii. Ninachojutia ni kimya chako.

Mwanao,
Yonas

Dirma
21 Septemba 2025

Mwanangu Yonas, marahaba.

Sisi wazima, mama anakusalimu. Nilinyamaza kwa hasira, baadaye nikanyamaza kwa kukosa pa kuanzia.

Mwezi wa nane nilikwenda kwa Mzee Gidamis, mhunzi aliyenifulia mkuki nikiwa kijana. Nilitaka aniambie kama ipo njia ya kukutoa kwenye kazi ile. Miaka yote nanunua kwake nikiwa nimesimama, kwa kuwa hatuketi nao. Nilipomaliza kueleza, akaweka nyundo chini. "Gidabuday," akasema, "mwanao amechukua kazi ya baba zangu bila kuniomba, na mwenye hasira ni wewe?"

Akauliza tena, "Anatumia makaa au umeme? Anaunga chuma cha unene gani?" Hayo sikuyajua. Niliona aibu, Yonas. Mhunzi anaielewa kazi ya mwanangu, mimi siielewi.

Siku ya nne nilirudi na asali, nikamwomba kazi hiyo kwa niaba yako. Alinikalisha. Tukanywa kutoka kibuyu kimoja. Amekubali. Nilimweleza habari ya tangi, akasema yeye alimaliza mwaka kabla baba yake hajasifu kitu.

Wazee wawili wamesema hawatakula kwangu ukiwepo. Nimewaambia basi nyama itatutosha vizuri. Mnadani sasa natangulia kusema mwenyewe kabla watu hawajauliza: mwanangu anaunga magari ya jeshi. Ingia bomani. Lakini kwanza niandikie majibu ya maswali ya Mzee Gidamis, nisisimame tena mbele yake kama mjinga.

Baba yako,
Gidabuday

Kambini, Songea
9 Novemba 2025

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo. Mimi mzima, na goti halijauma tangu niache kubeba mizigo.

Barua yako niliisoma karakanani kwa sauti. Sajini Sylvester aliniomba nirudie pale pa wazee na nyama.

Majibu ni haya. Natumia umeme. Nimeanza na bati jembamba kama ukucha, sasa naunga chasisi za malori, chuma chenye unene wa kidole. Mwambie pia kwamba kusoma rangi ya chuma kikiwa motoni bado kunanishinda, na kwamba hilo nataka anifundishe yeye.

Likizo imepitishwa. Natoka hapa Alhamisi tarehe 18 Desemba, Ijumaa nalala Singida. Jumamosi tarehe 20 nashuka Katesh mapema, napita kwa Mzee Gidamis kumpa shikamoo kwa kuwa kazi ni yake, na kabla ng'ombe hawajarudi nitakuwa ndani ya boma.

Mwanao,
Yonas