Pigo la Mwisho Lilikuwa la Mama

Jumanne, Natta

Bhoke mdogo wangu hana kosa. Aliniona natwanga muhogo peke yangu, akachukua mchi wa mama, uliokuwa haujaguswa tangu tumzike. "Dada, sema yale maneno yako ya Kifaransa. Nitapiga mimi."

Kesho nina usaili wa kazi ya kuongoza wageni wa Kifaransa kwenye kambi ya watalii. Yale majina yaliyoungwa kwa maneno mawili matatu ndiyo yananishinda, kuyakata silabi na kukumbuka kwamba mkazo unakaa mwisho kabisa, siyo kama kwetu. Kwa hiyo mama alipokuwa hai tulikuwa tunayatwanga pamoja na muhogo, silabi moja pigo moja. Silabi za mwanzo nilizipiga mimi, polepole. Ya mwisho mama aliishushia mchi kwa nguvu zote.

Leo nikasema arc-en-ciel, upinde wa mvua, linalotamkwa ar-kan-siel. Ar, kan... Bhoke akapiga mapema, kwenye kan. Tukarudia, akapiga palepale. Nikamfokea mpaka akaweka mchi chini.

"Sasa mama alikuwa anajuaje?" akauliza. "Si hakujua Kifaransa?"

Hakujua hata neno moja. Alikuwa ananitazama mdomo tu, anaona pumzi yangu inapoishia.

Bhoke alikuwa ameshaanza kulia, na mimi nikasingizia unga umeniingia machoni.

Siogopi maswali ya kesho. Naogopa nitasema ar, kan, mbele ya wale watu, halafu nitanyamaza nikimsubiri mama.