Viatu Nilivyomvua Rehema

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Sijui kama marehemu huamkiwa, lakini sijawahi kuanza kuongea nawe bila shikamoo, na leo sitaweza.

Nimechoka. Tulikuzika Buigiri nikiwa katikati ya mtihani wa kidato cha nne. Nilipomaliza karatasi ya mwisho, mama akaniambia, "Nenda kituoni kwa dada yangu ukasaidie, unasubiri matokeo tu." Nilidhani kusaidia ni kukoroga uji na kuwashika watoto mkono. Kumbe kazi yako kubwa haikuwa mle ndani. Ilikuwa kwenye lile kapu.

Kapu bado linaning'inia nyuma ya mlango, na tangu uondoke hakuna aliyeligusa. Watoto wetu wasioona wanakuja kila mchana kama zamani, kujifunza kutembea na fimbo na kusoma nukta nundu kwa vidole. Lakini unga wa uwele umekata. Yule mama wa nafaka wa Majengo kimya, na yule wa zabibu wa Makutupora kimya. Kwenye kikao cha kamati wakasema watu wamechoka kutoa. Hakuna aliyeuliza kama tulikwenda kwao hata mara moja. Na mimi niliyekuwa najua, sikufungua mdomo. Unanijua.

Maana nazikumbuka Jumamosi zetu. Wewe mbele na kapu, mimi nyuma nikiangalia visigino vyako. Ukifika kwenye genge la mtu, huombi. Unamletea habari. "Rehema siku hizi anakwenda chooni peke yake, hata ukuta hagongi!" Mtu anacheka, mnaongea kidogo, unaaga. Siku moja nilikuuliza mbona hukuomba kitu, ukasema, "Yule alishatoa. Leo ni zamu yangu kumpa." Halafu ukanigeukia: "Na wewe Yunis, salimia watu. Hawang'ati."

Sasa nikwambie nilichofanya.

Mwalimu Stefano, katibu wetu, alipata habari za mfadhili wa Dar es Salaam anayesaidia vituo kama chetu. Tusipompata, mwalimu wa nukta nundu ataondoka Januari, na watoto watabaki na uji tu, ukiwepo. Fomu ilitaka maelezo na picha ya mtoto mmoja. Maelezo niliandika mimi, kwa sababu kuandika hakuhitaji kutazama mtu usoni. Kuhusu picha, Mwalimu akasema, "Ionyeshe hali halisi. Wenzetu hawa hutoa kwa macho."

Nikamsimamisha Rehema pale ukutani plasta ilipobanduka. Alikuwa na gauni safi, na miguuni vile viatu vyeusi alivyoshonewa na Mzee Jumanne. Nikatazama kwenye simu. Alionekana mtoto wa miaka saba aliyependeza. Nikaona hatapata kitu.

Mama Mkubwa, nilipiga magoti nikamfungua mikanda. Hakuna aliyenituma. Mwalimu hakuwepo hata. Ni mimi.

"Dada, kwa nini navua?"

"Picha inataka miguu," nikamjibu.

Akasimama kwenye saruji amekunja vidole, mikono ameitanguliza mbele, kama siku ile ya kwanza alipoletwa. Na mimi nikafurahi, maana ilitoka vizuri. Nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la kamati. Kabla ya jioni mmoja wao alikuwa ameiweka status.

Kesho yake nikasikia hodi. Mzee Jumanne, fundi viatu wako wa Majengo, yule Mrangi wa Kondoa ambaye kila Januari humshonea mtoto mmoja wa kituo jozi mpya. Alikuwa ameiona ile picha, akafunga kibanda chake akaja kwa miguu. Hakuniuliza mimi. Alichuchumaa mbele ya Rehema.

"Mjukuu wangu, viatu vimekubana?"

"Havibani, babu. Hivi hapa, navaa. Dada alisema picha inataka miguu."

Akaminya ncha ya kiatu kwa kidole gumba, kupima kama mguu umefika mbele. "Basi sawa," akasema. "Nilidhani vimekatika." Akanyanyuka, akaaga, akaondoka. Laiti angenifokea.

Siku tatu nilimkwepa Rehema. Jumamosi nikachukua kapu, tupu, nikaenda Majengo. Nilipita kibanda cha Mzee Jumanne mara mbili bila kusimama. Mara ya tatu akaniita mwenyewe: "Binti, utamaliza barabara!" Wenzake wakacheka. Nikamwamkia, nikaomba msamaha, nadhani sauti haikutoka yote.

Hakusema amenisamehe. Alisema, "Mama yako mkubwa alikuwa akija na habari. Wewe umekuja na nini?"

Sikuwa nimejiandaa. Nikasema la kwanza lililonijia, kwamba Rehema siku hizi anatembea kutoka getini mpaka jikoni bila fimbo, anapiga kisigino chini, anasikiliza, halafu anakata kona.

Mzee Jumanne akaweka nyundo chini. "Anasikiliza kisigino?"

Hapo ndipo akaniambia. Kwamba wewe ndiye uliyemwomba atie kipande cha chuma kwenye kila kisigino, ili mtoto asikie sauti inavyorudi ukutani. Alikuwa hajui kama ilifaa. Ulikuwa umwambie, ukaugua.

Kumbe nilipomvua viatu nilimzibia na masikio, na ndiyo maana alitanguliza mikono.

Nilirudi nikapiga picha nyingine. Rehema amevaa, anatembea, mguu mmoja uko hewani na anacheka. Nikamwambia Mwalimu Stefano kwamba ile ya kwanza nimeifuta na kwenye fomu naomba iende hii. Akanirudishia simu. "Watasema hawa hawana shida." Nikasema shida tumeiandika. "Wakikataa, utaieleza kamati wewe, Yunis." Nikasema nitaieleza.

Fomu imekwenda. Hawajajibu. Inawezekana nimetukosesha mwalimu, na sina wa kumuuliza kama nilifanya sawa, wewe ndiye niliyekuwa nakuuliza. Mama wa nafaka amenipa unga kidogo, akasema, "Nilidhani mmefunga." Mzee Jumanne amechora mguu wa Rehema kwenye boksi, kipimo cha viatu vipya. Umekua.

Namsikia huko nje sasa hivi, ka, ka, ka, anakuja kuuliza uji.

Pumzika, Mama Mkubwa. Wakijibu vizuri au vibaya, Jumamosi nitabeba kapu. Nitapeleka habari kwanza. Na nitasalimia watu.

Mwanao,
Yunis