Nyota ya Mama Yako

Susuni, 9 Desemba 1953

Baba Waitara,

Nakusalimu huko Kericho kwenye chai. Sisi tupo. Ng'ombe mwekundu amezaa dume, na Waitara ameota meno ya mbele.

Unajua desturi ya mji wetu: hatupandi ulezi mpaka mama yako aione nyota nyekundu ikilifuata kundi la nyota za Kilimia jioni, na hakuna anayeinua macho kabla yake. Oktoba alisema, "Imetoka, pandeni." Tukapanda. Jua likachoma mbegu zote, na ghalani kukabaki kidogo. Hapo ndipo tulipojua kwamba haoni tena, na alikuwa anatuficha.

Hatukumgombeza. Ila tangu siku hiyo alitaka fungu lake la ulezi bila kupikwa, akisema atasaga mwenyewe.

Juzi jioni niliiona nyota yenyewe, kama kaa la moto. Nikakimbia kumwambia. Hakuitika.

Tulimzika jana, kwa hiyo usikimbilie kuja. Chini ya kitanda chake tulikuta chungu kimejaa ulezi. Mvua imeanza. Kesho tunaupanda.

Mimi mkeo,
Mokami