Wapogoaji Wasiosemeshana

Janiuay, Iloilo,
16 Novemba 1996.

Mpendwa Dada Perpetua,

Pokea salamu zangu, na hamu ya kukuona ambayo karatasi hii haitoshi kuibeba. U hali gani? Kifua kimetulia, au ile mitambo ya baridi ya wodini bado inakukohoza? Huku tu wazima. Mama magoti humuuma asubuhi, yakishapata jua yanamwachia, na sauti yake bado inafika sokoni. Mume wangu Arsenio naye hajambo, anakusalimu sana. Mpunga tumeshauvuna.

Siku ya Watakatifu Wote tulilipaka chokaa kaburi la Baba na tukashinda pale na wenzetu. Nilipika ibos, ule wali wa nazi uupendao. Mama aliuweka wako kando, na ulipoanza kuchacha akaula mwenyewe, akisema hawezi kutupa chakula cha mwanawe.

Sasa habari ya akasya, ule mti wetu mkubwa wa uani. Najua ndiyo unayoingoja, maana katika barua yako uliamuru tuikate yote kabla haijamuua Mama. Ile tufani ya Oktoba ilitia ufa kwenye tawi kubwa lililo juu ya chumba chake, na kila upepo ukipita mabati yanalia. Nilimwomba ahamie chumba chako. Akanijibu, "Nyote nimewazaa humu. Ihame akasya."

Jirani yetu Badong alikuja na msumeno wake wa mashine, tayari kuanza chini kabisa kwenye shina. Nikamuuliza ukianguka utaangukia wapi. Akautazama mti, akaitazama nyumba, akasema, "Tutajua ukishaanguka." Mama akamtoa uani kwa ufagio.

Nikaulizia sokoni, nikaulizia kanisani, na wote wakanitajia watu walewale wawili: Bwana Eleuterio, wanayemwita Teryo, na mkewe Bi Salvacion, ng'ambo ya mto. Hawana kazi nyingine ila miti. Nikachukua kibali cha kukatia, na Ijumaa ya wiki iliyopita wakafika na pikipiki ya magurudumu matatu iliyojaa kamba.

Dada, mimi nilidhani kukata mti ni kukata mti. Bwana Teryo hakugusa hata panga. Aliuzunguka mara tatu akigonga kwa nyundo ya mbao, sikio kwenye gome. Nikamfuata kama kifaranga.

"Unasikiliza nini?"

"Njoo usikie mwenyewe."

Nikaweka sikio. Pahali pamoja, ngo ngo ngo, kama kugonga jiwe. Pahali pengine, dum, kama ngoma. Akasema kwenye ngo ni pazima, kwenye dum ni patupu. Bi Salvacion naye alikuwa amepiga magoti akifukua mizizi kwa vidole, akauchukua udongo na kuunusa! Wakaniambia mti hauna kosa, ugonjwa uko kwenye matawi matatu tu, na hilo la chumba cha Mama ndilo baya kuliko yote. Nikawaambia dada yangu anataka ukatwe wote.

"Dada yako ni nani?" Bwana Teryo akauliza.

"Muuguzi, Jeddah."

"Basi muulize, mgonjwa akija na jino bovu, wao huko wanaondoa kichwa?"

Nimekuuliza.

Lakini kilichoniwasha zaidi kilikuwa kingine. Wale watu hawakuwa wakisemeshana. Bwana Teryo alifunga mkanda, akawaomba radhi wale wasioonekana wakaao mtini, akapanda. Kamba yake ilipita kwenye panda ya juu ikashuka mpaka mikononi mwa mkewe, aliyeizungusha kwenye shina na kuiachia kidogo kidogo. Yaani uhai wake wote uko viganjani mwa mtu ambaye hamwambii hata neno! Kila kitu kilipitia kwangu.

"Ludivina, mwambie huyo wa juu afunge karibu na shina, sio huko kwenye vijiti."

Kabla sijafungua mdomo, sauti ikashuka, "Mwambie huyo wa chini nimefunga kamba za miti kabla yeye hajajua kufunga za viatu."

"Mwambie ndiyo maana vyake namfungia mimi!"

Mama akatoa kichwa dirishani. "Nyie, ni mtu na mkewe kweli?"

"Miaka ishirini na sita, Mama," wakajibu wote kwa pamoja, kisha kila mmoja akageuza uso kana kwamba mwenzake kamwibia maneno.

Saa ya kahawa nilimpelekea Bi Salvacion mkate, nikamuuliza wana nini. "Muulize yeye." Nikaenda upande wa pili wa mti alikokaa Bwana Teryo. "Muulize yeye." Unanijua mimi, kahawa yenyewe sikuionja utamu.

Matawi mawili yalishuka vizuri, taratibu kwenye kamba, hata ua moja la Mama halikuvunjika. La tatu ndilo la chumbani. Bwana Teryo alikuwa akisogea afike mahali pa kulifunga. Akanyoosha mguu wa kushoto kukanyaga tawi ambalo halikuwepo. Dada, halikuwepo kabisa! Mimi niliye chini niliona hewa tupu, yeye akakanyaga kwa uhakika kama mtu anayeteremka ngazi za nyumbani kwake.

Akaporomoka. Kamba ikalia. Bi Salvacion akajitupa nyuma, makalio chini, nyayo zote mbili kwenye shina, na kamba ikampita viganjani mpaka nikasikia harufu ya ngozi inayoungua. Ikasimama. Yule bwana akaning'inia juu ya mabati yetu, akizunguka polepole.

"Teryo!" Ndilo neno la kwanza alilomwambia. "Teryo, kulia! Nyoosha mkono wa kulia, tawi liko kulia kwako!"

Akalishika. Mkewe akamteremsha, na miguu yake ilipogusa ardhi Bi Salvacion akamshika vidole kimoja kimoja, akampapasa mbavu, halafu akavua kofia na kumcharaza nayo.

"Sema sasa! Sema, huyu dada naye asikie. Jicho la kushoto linaona nini?"

Yeye akaanza kufungua mkanda.

"Linaona nini, Teryo?"

"Ukungu."

Kumbe amelificha mwaka mzima. Daktari wa macho alimwambia ni mtoto wa jicho, akampa kadi ya kurudi kufanyiwa upasuaji. Akaikunja akaitia mfukoni, na mkewe akaikuta wakati wa kufua. Hakumwambia kwamba ameiona. Alingoja mumewe aseme mwenyewe, siku kumi na moja. Kila siku isiyo na neno ilimzidishia hasira.

"Nilijua leo akinyanyua mguu atasema," akaniambia, sasa analia. "Hakusema. Na mimi kwa kiburi changu nikamwacha apande."

Bwana Teryo alikuwa amekaa kwenye mizizi. "Ningesema ungeniteremsha. Nikishateremka, mimi ni nani?"

"Utakuwa mtu wa kunishikia kamba mimi," akasema Bi Salvacion. "Au hiyo kazi niliyoifanya miaka ishirini na sita unaiona si kazi?"

Mama akatoa kichwa dirishani tena.

"Mnaweza kupatana baadaye? Tawi bado liko juu ya kitanda changu."

Nikamfunga Bi Salvacion viganja kwa kitambaa, lakini hakuweza kazi tena siku ile, na Mama alilala chumbani kwako akinung'unika. Jumanne wakarudi. Aliyevaa mkanda ni mke. Mume akazungusha kamba kwenye shina, akaishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga, na maneno hayakumwisha mdomoni: kanyaga hapa, angalia pale, taratibu mpenzi wangu.

"Teryo, shika kamba, nyamaza!"

Tawi la chumba cha Mama lilishuka saa nne na nusu. Ndani lilikuwa tupu kama bomba. Kwa Januari wameshapanga kwenda wote wawili Iloilo mjini kwa ajili ya jicho.

Alipoteremka, Bi Salvacion alikuwa amebadilika uso. Akamwambia mumewe, "Miaka yote hii hujaniambia kuwa juu kuko hivi."

"Hujawahi kuniuliza."

Basi na mimi nikauliza. Nikaomba wanipandishe. Usicheke. Mama alipiga kelele kwamba mwanamke wa miaka arobaini na moja amerukwa na akili, lakini Bi Salvacion akanikaza mkanda, nikapanda mpaka panda ya kwanza huku mumewe akivuta. Niliona mashamba ya mpunga yaliyovunwa, paa la kanisa, kutu ya mabati yetu, hata mpira ambao watoto wameutafuta tangu Juni.

Halafu nikatazama chini, nikamwona Mama. Alikuwa amesimama katikati ya ua, mkono kwenye paji la uso, ananitafuta kwenye majani. Sikuwahi kumwona kutoka juu, Dada. Nywele za utosini zimekwisha, ngozi inaonekana. Na ni mdogo. Mdogo kiasi kwamba nilidhani ni mtu mwingine, mgeni aliyeingia uani kwetu. Nikakaa pale juu muda mrefu kuliko nilivyohitaji.

Omba likizo, Dada. Usingoje mwakani.

Nisalimie Auring unayelala naye chumba kimoja. Arsenio na watoto wanakukumbuka kila jioni katika sala, na Mama anakubariki kwa mikono yote miwili. Bikira akutangulie kila uingiapo wodini, akurejeshe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Ludivina