Magunia Mawili Yaliyoshushwa

Mwangaluka, mjukuu wangu Kulwa. Hapa Sapiwi bibi yako hajambo, na mvua imetufikia.

Unauliza umjibu nini mtu usiyemjua aliyekurudishia marekebisho yako ya ile programu mnayoitengeneza bure, akisema yanajaza memori ya simu ndogo.

Ujanani nilipakia pamba kwenye mkokoteni hadi juu. Jirani yetu, mzee Masanja, akanisimamisha, akashusha magunia mawili. Nilifura! Akaushika mkono wangu, akauweka kwenye shingo ya ng'ombe. Ilikuwa imechubuka, mimi nilikuwa nimetazama mzigo tu. Magunia yale akayapeleka mwenyewe kwa mkokoteni wake. Mpaka leo namshukuru.

Huyo wako naye halipwi, ila kasoma kazi yako yote. Mshukuru. Mwambie pia kuna mzee huku Sapiwi, mwenye simu ndogo, anayemshukuru kuliko wewe.

Babu yako