Treni ya Spika Nane

Jumatano, 12 Machi
Leo nimeketi kwenye ukumbi wa maigizo kama mheshimiwa! Nilimpelekea binti yangu chakula. Mlinzi akauliza mimi nani. Nikamwambia mama wa fundi sauti — akanyooka! Kweli bado yuko kwenye majaribio, lakini hayo mlinzi yanamhusu nini?

Kwenye mchezo kuna treni. Haionekani, inasikika tu. Spika nane zimewazunguka watu. Treni inatakiwa itokee kushoto, ipite juu ya vichwa, ipotelee kulia. Mimi wa darasa la saba nimezaa mtu wa kupitisha treni hewani!

Ila ilikuja vipande vipande. Honi huku, magurudumu kule. Mwongozaji akafoka: hii treni au mnada? Kampa hadi kesho kutwa. Ikishindikana anamrudisha fundi wa zamani, na mwanangu arudi kukunja nyaya.

Chakula hakukigusa.

Alhamisi, 13 Machi
Kanieleza huku napiga pasi. Faili ziko nane, kila spika na yake. Kompyuta inaziamsha moja moja, nyingine zinachelewa. Dawa ni kuziunganisha ziwe faili moja yenye chaneli nane, yaani njia nane za sauti — unabonyeza mara moja, zote zinaondoka.

Si uziunganishe basi!

"Mama, nimeshaziunganisha. Bado."

Nikarudi kwenye pasi. Fundi gani mimi!

Ijumaa, 14 Machi
Amepata!! Kumbe kila faili ilikuwa na ukimya mwanzoni. Spika ya mwisho ilitakiwa inyamaze sekunde saba ikisubiri treni ifike. Yeye kaona ule ukimya ni uchafu, kaukata. Kwenye faili zote! Kwa hiyo treni ikawa inafika kila mahali kwa mpigo.

Nikamwuliza, nani kakufundisha kukatakata hivyo? Akanielekezea kidole. Haya, ni mimi. Tangu mdogo, tukishona, nampigia kelele asiache uzi unaning'inia. Tulicheka mpaka nikashika mbavu.

Ukimya kaurudisha, kaunganisha upya, wamejaribu. Mwongozaji hakusema neno. Binti anasema akinyamaza ndiyo hatari.

Jumamosi, 15 Machi
Mapumziko ya katikati ya mchezo. Naandika kwenye kiti changu.

IMEPITA! Kushoto, juu yangu — nikainama, kilemba kikaanguka! — hadi kulia, ikafifia. Nzima! Mama wa kiti cha jirani akanishika mkono. Nikamwambia, ni ya binti yangu ile.

"Treni?"

"Ndiyo, dada. Treni."

Moyo umetua. Pumzi ya tangu Jumatano nimeishusha leo.

Mwongozaji anapanda hadi kwenye meza ya kompyuta anapokaa binti. Yuko na mzee mmoja — ndiye fundi wa zamani, namjua kwa sura! Kaja kufanya nini? Binti kasimama, anampisha kiti. Mwongozaji anamrudisha chini kwa bega: kaa. Mzee anabaki wima. Sasa anainama, ananyooshea skrini kidole. Anamwuliza kitu. Anamwuliza yeye! Mwanangu anamwonyesha, hivi, halafu hivi — taa zinazimwa, mchezo unaendelea.