Nane Yuko Korongoni

Jumatatu, 10 Juni 2024

Mwanangu Sharon amechukua simu sasa hivi, akaiweka sikioni, akasema, "Baba?" Kisha akanyamaza, anasikiliza. Ana mwaka na nusu tu lakini ameshajua kwamba ukisema lazima ungoje. Alipochoka kungoja akanipa mimi, kama vile sasa ni zamu yangu.

Simu yenyewe ni ya kijiji. Watu wa mradi wa wanyamapori walimfunga tembo mmoja mkanda shingoni, jike, namba nane, na mkanda unatuma ujumbe wa mahali alipo. Wakatafuta mtu wa kutunza simu, anayejua kusoma na haendi mbali. Mimi niliishia darasa la saba, na sina pa kwenda. Kazi yangu: ujumbe ukisema anakuja mashambani, nigonge ile rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mti wa shuleni, nitangaze anatokea upande gani. Wenye mashamba watoke na madebe na filimbi wamgeuze.

Leo kaandika mara mbili — nasema kaandika! Asubuhi: Namba 8 yuko porini, kilomita sita. Mchana: kilomita sita, pale pale. Kapumzika.

Tomaso aliondoka Januari, akavukia Sirari, akasema akipata laini ya Kenya atapiga. Alituma mara moja, Aprili. Niko sawa, tutaongea. Bado hatujaongea. Tembo ananiambia alipo asubuhi, mchana na jioni. Mume wangu sijui yuko mji gani.

Jumatano, 12 Juni

Matiko kapita na jembe begani. Ni mdogo wake Tomaso, shamba letu mwaka huu kalima yeye. "Shemeji, mke mwenzio kaamkia wapi?" Kila mtu ananitania hivyo siku hizi, ati tembo ni mke mwenzangu. Nikamjibu kaamkia kwake, tena hana maneno mengi kama wewe.

Akacheka, halafu akaacha. Anasema Nane kamkanyagia muhogo mara mbili, madebe haogopi tena. Siku akikaribia nimwambie yeye kwanza, kabla ya rimu. Yeye na wenzake wawili. Nikamuuliza kwa nini yeye kwanza. Akaangalia pembeni.

Kuua tembo ni jela, miaka mingi. Anajua.

Alhamisi, 13 Juni

Mgeni! Anaitwa Agness, mwanafunzi wa chuo kikuu, kaja na karatasi za maswali. Anazunguka kwa wanawake anauliza tunaishi na nani, tunaongea na nani. Aliniambia nitaje wote waliozungumza nami au kuniletea habari wiki hii. Nikataja Bibi Gati, jirani yangu, mjane, anayeleta uji wa Sharon. Matiko. Sharon mwenyewe, kama anahesabika. Mistari ilikuwa kumi. Saba mitupu. Nikaona aibu. Nikasema, na Nane.

Akauliza Nane ni nani yangu.

Nikamweleza. Nilidhani atacheka, hakucheka. Akasema fomu ni ya watu tu, lakini kamwandika pembeni kwa penseli. Akasema chuoni kwao wapo wanaobishana kama mnyama naye ahesabiwe katika wanaokifanya kijiji kiwe kijiji. Nikamwambia hao wanaobishana waje kipindi cha mavuno.

Swali la mwisho: ukipata shida unamkimbilia nani? Hilo sikulifikiria hata kidogo. Bibi Gati.

Alipoondoka nyumba ikawa kubwa.

Jumamosi, 15 Juni

Kasogea. Kilomita nne.

Nilimwona mara moja tu, Februari, kwenye lambo. Ana mtoto. Mtoto kamwegemea mguu vile Sharon ananiegemea nikipika.

Rudi, Nane. Huku hakuna kitu kizuri.

Jumapili, 16 Juni

Kanisani sikwenda. Naandika yote yalivyokuwa.

Jana saa kumi na moja jioni ukaingia ujumbe: Namba 8 yuko korongoni, anaelekea mashambani. Nikambeba Sharon nikatoka niende kwenye rimu. Matiko na wenzake walikuwa wameshakaa uani kwangu. Mishale waliifunga kwenye gunia lakini ncha zimetokeza.

"Yuko wapi?"

Simu ilikuwa inawaka mkononi. Nikaitia ndani ya kanga, mgongoni kwa Sharon.

"Mtoni," nikasema.

"Una hakika, shemeji?"

"Mtoni."

Wakaondoka mbio. Nami nikaenda kugonga rimu, na pale nikatangaza mtoni vilevile, maana Matiko angesikia. Watu wote wakashuka mtoni na madebe yao. Hata Bibi Gati na yale magoti yake. Shamba lake liko juu ya korongo.

Nilijiambia Nane atageuka mwenyewe. Siku nyingine hugeuka.

Hakugeuka. Asubuhi hii ulezi wa Bibi Gati umelala wote, ekari nzima, ulikuwa uvunwe kesho. Nyayo kubwa, na kando yake nyayo ndogo. Bibi anaokota suke moja moja, anapangusa udongo. Nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba kama siku zote. Akasema tembo huyu ana akili, hata simu ya wasomi kaidanganya.

Nikainama nikaokota naye. 

Sijui nilimwogopea Nane au Matiko. Angefungwa, nani angetulimia? Naandika hivyo, halafu naona si kweli yote.

Jumatatu, 17 Juni

Nane, kilomita saba.

Bibi Gati kaleta uji. Ulezi wa mwaka jana, aliokwangua chini ya kihenge. Sharon kamaliza kikombe. Kikombe changu nimekifunika.

Jumanne, 18 Juni

Matiko kaja, hakutaka kukaa. Kasema mtoni hakukuwa hata unyayo mmoja. Nikasema labda simu ilikosea.

"Simu, au wewe?"

Nikajifanya namfuta Sharon kamasi.

"Haya. Ikikosea tena, mwakani utalima na mke mwenzio."

Kaondoka bila kumshika Sharon kichwa. Huwa anamshika.

Jumatano, 19 Juni

Mtendaji wa kijiji kagawa fomu za kifuta jasho kwa walioliwa mazao na wanyama. Bibi Gati kaniachia yake nimjazie, maana hajui kusoma. Jina, kitongoji, zao, ekari. Hayo nimemaliza upesi. Kisha kuna visanduku viwili. Tangazo lilisema mnyama anatokea upande gani? Mnyama alitokea upande gani?

Mradi una ujumbe wote kwenye kompyuta yao. Nikiandika alitokea mtoni, haitalingana na ujumbe wao, na Bibi atakosa. Nikiandika ukweli atapata — na mimi nitaitwa kwa mtendaji, simu watanipokonya, Matiko atajua. Nilikaa na kalamu mpaka Sharon akalala chini ya miguu yangu.

Nimeandika. Tangazo: mtoni. Alikotokea: korongoni. Kwa wino.

Limebaki moja. Fomu inasema mwenye shamba asomewe kabla ya kuweka dole gumba. Bibi Gati angeweka tu, ananiamini. Ndiyo maana lazima nimsomee. Nimeshapanga. Nitamkalisha, nitasoma polepole, jina lake, ulezi, ekari moja. Nikifika kwenye visanduku sitashusha sauti. Nitasema, Bibi, simu haikukosea, mimi ndiye nili

Ananiita. Kashafika uani, anasema amenawa mikono tayari, anauliza wino wa dole ninao mimi au